Maisha ya Hermann von Helmholtz na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Muziki

Utangulizi

Katika shule zetu za msingi muziki umezoeleka kufundishwa kwa mdomo na makofi, na sayansi kwa ubao na chaki. Mara chache mwanachuo huonyeshwa kwamba masomo haya mawili yana mlango mmoja wa kuyaingilia, nao ni sikio. Makala haya yanaeleza maisha ya mtu aliyeupitia mlango huo kwa uangalifu kuliko wengi waliomtangulia. Jina lake ni Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1821 na kufariki mwaka 1894.

Yapo mambo mawili yanayotufanya tumkumbuke leo. La kwanza ni kwamba kinanda cha umeme kimeenea mbali na miji mikubwa. Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha Sapiwi, katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, anaweza kukikuta kanisani, kwa mwanakwaya au hata shuleni. Lakini piano yenyewe, yaani ile ya mbao, nyuzi na nyundo, ni chombo adimu, na watoto wengi hawajapata kuisikia kwa masikio yao. Kwa hiyo sauti watakayoijua kuwa ni ya piano ni ile ambayo mwalimu ataipanga kwenye kinanda chake. Akiipanga vibaya, watajifunza vibaya, nao hawatakuwa na njia ya kugundua kosa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kinanda kikishaingia darasani, ni rahisi kikageuzwa kuwa hakimu. Mtoto aliyejifunza wimbo kwa bibi yake huambiwa kwamba anaimba vibaya, kwa sababu tu sauti yake haikuangukia juu ya kibao cha kinanda. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Maisha na kazi ya Helmholtz vinatusaidia kujibu swali hilo pamoja na lile la kwanza.

Utoto na shule

Hermann alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 katika mji wa Potsdam, karibu na Berlin. Baba yake, Ferdinand, alikuwa mwalimu wa sekondari, na mshahara wake haukuwa mkubwa. Mtoto huyo alikuwa dhaifu wa mwili, na katika miaka yake saba ya kwanza alishinda siku nyingi kitandani au chumbani. Kitu kilichomfariji kilikuwa vipande vya mbao vya kuchezea. Alivipanga, akavibomoa na kuvipanga tena, mpaka maumbo yakamkaa kichwani. Alipoanza shule na kufika kwenye jiometri, walimu wake walishangaa kuona kwamba mambo mengi waliyotaka kumfundisha alikuwa ameshayajua kwa mikono yake.

Hata hivyo hakuwa mwanafunzi mwepesi katika kila somo. Kumbukumbu yake ilikuwa hafifu kwa mambo yasiyoungana, kama vile orodha za maneno na kanuni za sarufi zisizo na sababu. Alipata hata taabu ya kutofautisha kulia na kushoto. Lakini jambo lililokuwa na mpango na sababu halikumtoka tena. Mara nyingine, wenzake walipokuwa wakisoma Kilatini, yeye alikuwa akichora chini ya dawati njia ya mwanga unaopita katika kioo.

Wanachuo wayatazame mambo haya kwa makini. Mwalimu aliyempima Hermann kwa kukariri peke yake angemweka miongoni mwa wazito. Mwalimu aliyempa kitu cha kushika angemwona alivyo.

Nyumbani muziki ulikuwa na nafasi yake. Hermann alijifunza kupiga piano, na alipokwenda Berlin kusoma aliendelea kuipiga. Muziki ulikuwa pumziko lake, na baadaye ukawa kazi yake.

Daktari wa jeshi

Kijana huyo alitamani kusoma fizikia, lakini baba yake hakuwa na uwezo wa kumlipia. Njia iliyokuwapo ilikuwa moja, yaani kusoma udaktari kwa gharama ya serikali katika taasisi iliyofundisha madaktari wa jeshi, kisha kulitumikia jeshi kwa miaka minane. Aliingia katika taasisi hiyo ya Berlin mwaka 1838, na mwaka 1842 akapata shahada yake.

Alipokuwa mwanafunzi aliugua homa kali ya matumbo, akalazwa na kutibiwa bila malipo. Posho yake ya miezi ile ikabaki mfukoni bila kutumika. Alipopona aliichukua akanunua hadubini, nayo ilikuwa chombo chake cha kwanza cha utafiti.

Akiwa daktari wa jeshi huko Potsdam, alipanga maabara ndogo kambini na kufanya majaribio juu ya joto la misuli. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 26, alichapisha maelezo yake ya kanuni kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo tu. Kanuni hiyo hufundishwa leo katika kila shule ya sekondari. Mwaka 1848 alifunguliwa kutoka jeshini kabla ya muda wake, na mwaka uliofuata akawa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Königsberg.

Somo lililozaa chombo

Huko Königsberg lilitokea jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Helmholtz alikuwa akitayarisha somo la jicho. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi mwanga unaoingia jichoni unavyorudi nje kwa njia ileile uliyoingilia. Katika kutafuta namna ya kulieleza jambo hilo, alijiuliza kwa nini mtazamaji asiweze kuuona mwanga unaorudi. Alichukua lenzi za miwani na vipande vyembamba vya kioo vilivyotumika kwenye hadubini, akaviunga kwa karatasi ngumu na gundi. Baada ya siku chache za kujaribu aliweza kuona sehemu ya ndani kabisa ya jicho la mtu aliye hai. Alikitangaza chombo hicho mwishoni mwa mwaka 1850, na mwaka 1851 akachapisha maelezo yake. Hadi leo madaktari wa macho hutumia vyombo vilivyotokana na kile cha karatasi na gundi.

Wakati huohuo alipima mwendo wa ujumbe katika neva za chura. Wataalamu wengi, pamoja na mwalimu wake mwenyewe, walidhani kwamba mwendo huo ni wa kasi mno usiweze kupimika. Helmholtz alionyesha kwamba ni wa mita 25 hadi 40 hivi kwa sekunde, yaani polepole kuliko mwendo wa sauti hewani.

Utafiti wa sauti

Mwaka 1855 alihamia Bonn, na mwaka 1858 akahamia Heidelberg. Katika miaka hiyo aliligeukia sikio. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema lakini gumu kulijibu. Filimbi, zeze na sauti ya mtu zikitoa noti moja, kwa nguvu moja, kwa nini sikio halizichanganyi? Ni nini kinachoifanya piano isikike kama piano?

Wanahisabati walikuwa wameshatayarisha njia. Mfaransa Joseph Fourier alikuwa ameonyesha kwamba mtetemo wowote unaojirudia unaweza kugawanywa kuwa mitetemo mepesi iliyojumlishwa. Mjerumani Georg Ohm alikuwa amesema, mwaka 1843, kwamba sikio hufanya mgawanyo kama huo. Helmholtz hakutosheka na hisabati peke yake, bali alitaka kuisikia.

Alitengeneza matufe matupu ya kioo na ya shaba yenye matundu mawili. Tundu moja lilielekea kwenye sauti, na lingine, lililokuwa jembamba, liliingia sikioni na kuzibwa kwa nta pembeni. Kila tufe lilivuma kwa sauti moja tu, kulingana na ukubwa wake. Uzi ulipopigwa, tufe lilinyamaza kama sauti yake haikuwamo, na kama ilikuwamo lilivuma kwa nguvu. Kwa njia hii aliweza kuhesabu sauti ndogo zilizojificha ndani ya sauti kuu.

Tuchukue mfano. Uzi mnene ukitetemeka mara 110 kwa sekunde, sikio husikia noti moja. Lakini ndani yake zimo pia sauti za mitetemo 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Hizo tutaziita sauti za juu. Noti ya filimbi laini ina sauti za juu chache na dhaifu, na ndiyo maana ni nyororo. Noti ya zeze inazo nyingi na zenye nguvu, na ndiyo maana ina ukali. Tofauti ya tabia za sauti hutokana hasa na wingi na nguvu za sauti hizo za juu.

Kisha akafanya kinyume chake. Kama sauti inaweza kugawanywa, basi inaweza pia kuundwa. Alipanga uma za sauti zilizotetemeshwa kwa umeme, kila uma ukiwa na tufe lake, na kwa kufungua na kufunga matufe hayo aliongeza au kupunguza nguvu ya kila sauti. Kwa mchanganyiko huo aliweza kukifanya chombo chake kitoe sauti zinazofanana na irabu za binadamu. Chombo hicho hakikuwa na mdomo wala ulimi, bali kilikuwa na vyuma na umeme tu. Hapo ndipo tunapoona babu wa vinanda vyote vya umeme.

Miaka hiyo haikuwa ya raha tupu. Katika mwaka 1859 alimpoteza baba yake, na kabla mwaka haujaisha mke wake, Olga, aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, alifariki na kumwachia watoto wadogo wawili. Mwaka 1861 alioa tena. Aliendelea na kazi yake, na mwaka 1863 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya hisia za sauti kama msingi wa nadharia ya muziki. Mwaka 1875 Mwingereza Alexander Ellis alitoa tafsiri yake ya Kiingereza.

Helmholtz na piano

Piano ilikuwa mojawapo ya maabara za Helmholtz. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa, na nyundo zilizofunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa. Juu ya nyuzi nyingi hukaa vizimio, navyo ni vipande vya sufu vinavyozuia uzi usilie kabla ya wakati wake. Mpigaji akikanyaga pedali ya kulia, vizimio vyote huinuka pamoja na nyuzi zote huwa huru.

Helmholtz alionyesha jaribio ambalo halihitaji chombo kingine chochote. Inua vizimio kwa pedali, kisha uimbe irabu kwa nguvu juu ya nyuzi. Ukinyamaza, piano inakujibu, na jibu lake si noti tu bali hufanana na irabu yenyewe. Kila uzi ulioikuta sauti yake ndani ya sauti ya mwimbaji umeitikia, na nyuzi zote pamoja zimeijenga irabu upya. Alidhani kwamba ndani ya sikio nako kuna kitu kama nyuzi za piano, kila moja ikiitikia sauti yake. Baadaye, katika karne ya 20, Georg von Békésy alionyesha kwamba mambo ya sikio ni tofauti na alivyodhani Helmholtz, kwa kuwa wimbi husafiri juu ya utando mmoja na kufikia kilele mahali mbalimbali kulingana na sauti. Hata hivyo wazo kwamba kila sauti ina mahali pake ndani ya sikio limebaki.

Aliichunguza pia nyundo. Aliona kwamba nyundo ngumu huamsha sauti za juu nyingi, na nyundo laini huzipunguza. Aliona vilevile kwamba mafundi wa piano, katika nyuzi za katikati, walikuwa wameiweka nyundo ipige kwenye sehemu ya saba hadi ya tisa ya urefu wa uzi. Hawakufika hapo kwa hesabu, bali kwa kusikiliza vizazi kwa vizazi. Yeye aliona kwamba mahali hapo hudhoofisha zile sauti za juu zisizopatana vema na nyingine. Hivyo mtaalamu wa chuo kikuu alikiri kwamba masikio ya mafundi yalikuwa yametangulia hesabu zake. Nao mafundi hawakumdharau, kwani Theodore Steinway, wa kampuni ya piano ya Steinway ya New York, alikisoma kitabu chake na kukitumia katika kazi yake.

Ngazi za muziki za watu mbalimbali

Helmholtz alieleza pia kwa nini noti mbili hupatana au hugombana. Noti mbili zinazokaribiana sana zikilia pamoja, sauti hupanda na kushuka, kana kwamba inapiga moyo. Mapigo hayo yakiwa machache hayaudhi, lakini yakifika 30 hivi kwa sekunde sikio huona ukwaruzo. Noti ambazo sauti zake za juu hazikwaruzani husikika kuwa zinapatana.

Kwa kuwa alikuwa na nadharia yenye nguvu kiasi hicho, angeweza kudai kwamba muziki wa Ulaya ndio uliowekwa na maumbile yenyewe, na kwamba wengine wote wamepotea. Hakudai hivyo. Alieleza wazi kwamba ngazi za muziki hazitokani na sheria za maumbile peke yake, bali hutokana pia na uchaguzi wa uzuri, ambao hubadilika kwa watu mbalimbali na zama mbalimbali. Aliichunguza hata ngazi ya piano yenyewe, ile iliyogawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, akaonyesha kwamba ni mapatano ya kurahisisha kazi, na kwamba karibu kila upatano wake umepotoka kidogo kutoka katika ule ulio safi.

Mfasiri wake, Ellis, alipiga hatua zaidi. Mwaka 1885, baada ya kupima ngazi za muziki za mataifa mengi, alitamka kwamba hakuna ngazi moja ya asili kwa wanadamu wote. Wataalamu wa Berlin waliofuata njia hiyo walianza kukusanya sauti za muziki wa dunia kwa fonografu. Katika mwaka 1906 Karl Weule alinasa nyimbo kusini mwa Tanganyika katika silinda za nta, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha uchunguzi wake juu ya nyimbo za Wanyamwezi, ambao ni majirani na ndugu wa Wasukuma. Kazi hizo zilifanyika chini ya utawala wa kikoloni, na mwalimu asilisahau jambo hilo. Lakini ni kweli pia kwamba swali la Helmholtz lilikuwa limefika mpaka kwetu.

Berlin na mwisho wa safari

Mwaka 1871 aliitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia, na mwaka 1888 akawa rais wa kwanza wa taasisi ya taifa ya fizikia na vipimo. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio, na ambaye jina lake sasa ndilo kipimo cha idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Ukweli unatudai tuseme pia upungufu wake. Max Planck, aliyehudhuria mihadhara yake huko Berlin, alikumbuka kwamba Helmholtz hakuwa akijitayarisha vizuri. Alizungumza kwa kusitasita, alikosea hesabu ubaoni, na wahudhuriaji walipungua hadi wakabaki wachache. Mtu yuleyule ambaye huko Königsberg maandalio ya somo moja yalimpa chombo cha kuwanufaisha wagonjwa wa macho, huko Berlin aliwachosha wanafunzi kwa kukosa maandalio. Elimu nyingi haiwezi kuchukua nafasi ya andalio la somo.

Mwaka 1893 alisafiri hadi Chicago, Marekani. Wakati wa kurudi alianguka melini na kuumia. Julai 1894 alipatwa na kiharusi, na tarehe 8 Septemba mwaka huo akafariki dunia.

Kuipanga piano ya dijitali kwa sikio la Helmholtz

Piano nyingi za dijitali hucheza sauti zilizorekodiwa kutoka katika piano halisi, na nyingine huziunda kwa hesabu. Kwa vyovyote vile, kinachoigwa ni yale mambo aliyoyachunguza Helmholtz, yaani nyundo, sauti za juu na mwitikio wa nyuzi. Mwalimu na afuate hatua zifuatazo, akisikiliza katika kila hatua kabla ya kuendelea.

1. Chagua sauti ya piano kubwa, na uzime mapambo yote yaliyoongezwa, kama vile sauti za fidla zinazofuatana nayo au mtikisiko wa sauti. Chombo kikishapambwa, sikio haliwezi kukipima.

2. Pima uzito wa mguso. Bonyeza kibao kimoja polepole, kisha kwa nguvu kidogo, kisha kwa nguvu zaidi. Katika piano halisi sauti haiongezeki ukubwa tu, bali huwa kali na yenye kung'aa zaidi, kwa sababu sufu ya nyundo inayopiga kwa kasi hujigandamiza na kuwa ngumu. Ikiwa sauti haibadiliki kabisa, mguso umefungwa, nawe huna budi kuufungua. Anza na mguso wa kati. Ikiwa sauti kali hutoka hata mtoto akigusa taratibu, chagua mguso mzito zaidi.

3. Pima mwitikio wa nyuzi. Bonyeza kibao cha noti nene polepole kabisa kisilie, ukishikilie. Sasa piga kwa mkato noti ileile ya oktava ya juu yake, na uiachie. Katika piano halisi utasikia uzi ulio huru ukiendelea kuvuma kwa upole. Ikiwa kinanda chako kina mpangilio wa mwitikio, uongeze mpaka uusikie mvumo huo katika ukimya, kisha usiongeze tena. Ukizidi, sauti huwa na ukungu.

4. Punguza mwangwi wa bandia. Piano halisi haina mwangwi wake wa ukumbi, kwani mwangwi hutoka katika chumba. Darasa lenye sakafu ya saruji na paa la bati tayari lina mwangwi wa kutosha, kwa hiyo ni vema kuuzima. Anayetumia vipokea sauti vya masikioni anaweza kuongeza kidogo, kwa kuwa hana chumba.

5. Angalia spika. Kiweke kinanda juu ya meza imara isiyotikisika, karibu na ukuta, maana ukuta husaidia sauti nene zisikike. Spika zisifunikwe kitambaa. Ikiwa kimeunganishwa na kipaza sauti, weka sauti nene na nyembamba katikati kwanza, ndipo urekebishe. Ukubwa wa sauti usizidi ule wa chombo cha mbao kilichomo chumbani humo.

6. Hakikisha kwamba noti ya la ya katikati imewekwa kwenye mitetemo 440, na kwamba kinanda hakikupandishwa wala kushushwa na mtumiaji aliyetangulia.

Vipo vinanda vidogo ambavyo havina mguso wa kubadilika wala mwitikio wa nyuzi. Hivyo havifai kulaumiwa, lakini mwalimu awaambie wanafunzi kwamba hiyo ni sura tu ya piano. Na hata kilicho bora kina jambo moja kisichoweza. Kiimbie irabu kwa nguvu, nacho hakitakujibu.

Somo la sauti bila piano

Shule isiyo na kinanda isidhani kwamba imekosa somo. Tufe la Helmholtz ni ndugu wa kibuyu na chupa. Mwalimu achukue chupa tatu, azitie maji kwa viwango tofauti, na mwanafunzi aweke mdomo wa chupa karibu na sikio lake huku wenzake wakiimba wakipanda na kushuka polepole. Kila chupa itavuma kwa noti yake na kunyamaza kwa nyingine. Wanafunzi wabashiri kwanza ni ipi itakayovuma kwa sauti nene, ndipo wahakikishe. Kisha waulizwe kwa nini upinde wa muziki hufungwa kibuyu, na kwa nini ngoma kubwa na ndogo hazilii sawa. Katika Usukuma, nchi ya wachezaji wa Bagika na Bagalu, si vigumu kuipata ngoma ya kufundishia. Wazee wanaojua kuiwamba na kuipasha moto mpaka ilie wanavyotaka ni mafundi wa aina ileile ambayo Helmholtz aliiheshimu.

Na tulijibu sasa swali tuliloanza nalo. Mtoto wa Sapiwi akiimba wimbo wa kwao, na hatua moja ya wimbo ikaangukia kati ya vibao viwili vya kinanda, mwalimu asikimbilie kusema kwamba mtoto amekosea. Kwanza amwombe auimbe tena. Ikiwa hatua ileile itarudi mahali palepale, na wenzake au wazee wakiuimba vivyo hivyo, basi hilo si kosa, bali ndio wimbo wenyewe, na kinanda ndicho kisichokuwa na kibao chake. Ikiwa kila mara huangukia mahali tofauti, na wenzake hawakubaliani naye, hapo asaidiwe. Katika wimbo uliotungwa kwa ngazi ya kinanda, kinanda ni kipimo halali. Katika wimbo usiotungwa kwa ngazi hiyo, ni mgeni, naye mgeni hasahihishi wenyeji.

Hitimisho

Helmholtz alikuwa mtoto mgonjwa, mwanafunzi mwenye kumbukumbu ya shida, na daktari wa jeshi kwa sababu ya ufukara. Aligundua mengi kwa kuwa hakukubali kusema juu ya sauti kabla ya kuisikiliza. Alipima, akaunda, akakiri mafundi walipomtangulia, na akaacha nafasi kwa muziki wa watu wasiokuwa wa kwao. Mwalimu anayekwenda darasani akiwa na kinanda, au akiwa na kibuyu tu, na aende na desturi hiyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni njia zipi za kupima zingemtambua Hermann alipokuwa shule ya msingi, na ni zipi zingemwangusha?
2. Andaa somo la dakika 40 kuhusu sauti nene na nyembamba kwa kutumia chupa, maji na ngoma.
3. Kusanya wimbo mmoja wa watoto wa mahali utakapofanya mazoezi ya kufundisha. Ulinganishe na kinanda, na ueleze ni hatua zipi zinazoangukia juu ya vibao na zipi haziangukii.
4. Jadili: ni wakati gani mwalimu amsahihishe mwimbaji, na ni wakati gani ajifunze kutoka kwake?